Mtunza Bustani wa Bwawani

Bwawani,
10 Januari

Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima wote, yaani mimi na bwawa, maana wengine hakuna.

Vifaa vya mwaka mpya vimeletwa jana. Gari la wizara lilipanda mlima likihema, dereva akashusha jembe, mkasi wa kukatia maua na kopo la kumwagilia. Nikamwambia, ndugu yangu, maji ya kumwagilia ninayo ya kutosha nchi nzima, ila ua hata moja sina. Akanijibu, "Mzee wangu, mimi naleta kilichoandikwa." Nikatia sahihi. Stoo yangu imejaa makopo ya kumwagilia mpaka darini. Grisi ya malango ya bwawa naiomba kila mwaka na kila mwaka nanyimwa, kwa sababu grisi si kifaa cha mtunza bustani.

Haya yote unayajua, lakini niache niseme, huku sina wa kumwambia. Nilipoajiriwa, nafasi ya opereta wa malango haikuwemo kwenye bajeti ya mwaka ule, ilikuwemo ya mtunza bustani. Injinia wa wakati huo akanishika bega akasema, "Wewe ingia kwa mlango huu, tutakurekebisha baadaye." Yule bwana ameshatangulia mbele ya haki, na hiyo baadaye yake ameondoka nayo. Mimi nimebaki nazungusha magurudumu ya malango. Mvua ikizidi nafungua malango, ikipungua nafunga, na kila mwezi hati ya mshahara inanikumbusha kwamba kazi yangu ni kupalilia.

Mwisho wa mwaka huu nastaafu. Nikistaafu na daraja hili, nitaishi kama mtunza bustani mpaka siku ya kufa. Watu wakiulizwa yule mzee alikuwa nani, watajibu hivyo, na hawatakuwa wamesema uongo. Ndiyo maana nimeishtaki wizara. Sipendi kesi, Dada. Mtu mzima kusimama mbele ya watu kuthibitisha kwamba anafanya kazi anayoifanya ni aibu ambayo simwombei mtu.

Kesi inatajwa tarehe 25 katika mahakama ya kazi. Ruhusa wameninyima, wamesema bwawa haliwezi kubaki bila mtu. Hayo wameyaandika wenyewe, na wakili amefurahi sana. Nenda wewe ukanisikilizie.

Mdogo wako

*

Mjini,
26 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefunga kibanda cha cherehani kutwa nzima kwa ajili yako, na mama mmoja ambaye sare za wanawe hazijaisha amenitukana vizuri tu. Utamlipa wewe.

Chumba cha mahakama ni kidogo, kina feni inayozunguka kwa kinyongo, na mabenchi yametengenezwa na mtu asiye na makalio. Mwanasheria wa wizara ni kijana wa juzi juzi, tai yake imemkaba hadi macho yamemtoka. Akasimama akasema, "Mheshimiwa, malango hayo hufunguliwa kwa nadra. Mlalamikaji akiyagusa, anayagusa kwa mapenzi yake, kama mtu anayemsaidia jirani kusukuma gari." Watu wakacheka. Mdogo wangu, hata hakimu alitabasamu. Nilikaa pale nikaona miaka yako yote inachekwa na watu ambao hawajawahi kuliona bwawa hata kwenye picha. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Wakili wetu unamjua, koti lake ni moja lakini akili anazo. Alinikalisha nje kwenye ngazi akaniambia maneno ambayo uyasome kwa makini. Anasema muda wote unaozungusha bure, wao watasema unasaidia. Mtu hadai ujira wa kusaidia. Kwa hiyo kuanzia sasa fanya kazi ya daraja lako, usipunguze wala usiongeze. Wakitaka lango lifunguliwe, waandike amri kwa maandishi, jina lako liwemo na kazi iwemo. Amri moja tu ya namna hiyo, kesi imekwisha.

Nami naongeza la kwangu. Umekuwa mwema mno. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawabebea wenzako mabegi ya shule, na wao wanatembea mbele wanapiga mluzi. Safari hii weka begi chini. Usishike gurudumu bila karatasi.

Dada yako

*

Bwawani,
12 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimeshika jembe. Nimelima vitalu mbele ya nyumba ya malango na nimepanda maua, mbegu zilikuwa stoo zimelala. Mama wa maziwa alipopanda asubuhi kuniletea chupa yangu alinikuta nimechuchumaa nang'oa magugu, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Malango umeolewa?" ananiuliza. Nilimweleza habari ya kesi. Akaacha kucheka, akauliza, "Sasa sisi kule chini nani atatufungulia?"

Hilo ndilo linaloninyima raha, nami nakueleza ili umweleze wakili. Malango hayafunguliwi kwa pupa. Maji yakifika alama, unafungua lango moja kidogo, unangoja, unaongeza. Mto kule chini unapanda polepole. King'ora chetu kilishakufa, kipya niliomba hadi nikachoka. Watu wa bondeni wanautazama mto tu. Wakiona umeanza kunyanyuka taratibu wanajua nimefungua, wanahamisha mbuzi na watoto wanakwenda kukaa kwa jamaa zao juu. Hiyo ndiyo lugha yetu, mimi na wao. Ukichelewa kufungua, itabidi ufungue yote kwa mpigo, na hapo hakuna atakayepata muda wa kuhama.

Nilimpigia injinia wa wilaya kwa redio ya upepo, nikaomba amri kwa maandishi ya masika haya. Alicheka. "Tangu lini, mzee? Wewe zungusha, mambo ya kesi waachie mahakama." Nikashikilia. Akasema ataandika akipata nafasi. Bado hajapata.

Huko milimani mawingu yameanza kukaa mchana kutwa. Dada, nikae hivi hivi kweli? Niambie.

Mdogo wako

*

Mjini,
24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa hivyo hivyo.

Nimemsomea wakili barua yako. Amesema injinia anakwepa kuandika kwa sababu anajua akiandika ametushindia kesi. Kukataa kwake ni dalili kwamba wameanza kuumia. Tarehe 19 Machi kesi inasikilizwa. Kabla ya hapo ukishika gurudumu kwa huruma zako, yule kijana wa tai atasimama tena na gari lake la jirani, na safari hii hakimu hatatabasamu, atafunga jalada.

Nakuona unavyosoma hapo, umeshaanza kutikisa kichwa. Nisikilize mimi niliyekubeba mgongoni. Bwawa ni la serikali. Ina mainjinia, ina magari, ina mawaziri wenye ving'ora vikali kuliko chako. Likijaa, mwenyewe atakuja. Wamekufanya ujione kwamba usipoamka wewe jua halichomozi, na bado mshahara wanakupa wa kufyeka nyasi. Kaza roho mara hii moja tu katika maisha yako.

Maua yakichanua nitumie mbegu.

Dada yako

*

Mjini,
20 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Tumeshinda. Keti kwanza ndipo usome.

Jana nimekwenda mahakamani nimejifunga kibwebwe, nimejiandaa kwa matusi. Kijana wa tai akasimama, mpole kama bwana harusi. Akasema wizara imelitafakari upya suala hili. Wizara inakubali, nasema inakubali, kwamba wewe ni Opereta wa Malango, na si kuanzia leo, kuanzia siku ile ya kwanza uliyoajiriwa. Akasoma majukumu yako moja baada ya jingine: kupima kina, kufungua na kufunga, kulinda usalama wa wakazi wa bondeni. Nilitamani ungekuwepo usikie. Ilikuwa kama wanasoma wasifu wako. Malimbikizo yako yote watalipa. Kilichobaki ni wewe kufika mbele ya mahakama na kusema umekikubali cheo.

Nilipiga kigelegele mle ndani, askari akanitoa nje, nikamalizia huko.

Wakili peke yake ndiye hakufurahi. Aliingiza karatasi zake kwenye mkoba akasema, "Wamekubali upesi mno." Nikamwambia wewe ni mtu wa kununa tu, hata harusini kwako ulinuna. Nasikia huko juu mvua zimekuwa kubwa na barabara zimekatika, ndiyo maana sijapata barua yako. Jifunike, kifua chako nakijua.

Nimemwambia kila mteja kwamba ndugu yangu ni opereta. Hawajui ni nini, lakini wameheshimu.

Dada yako mwenye furaha

*

Bwawani,
17 Machi

Dada,

Barua hii sijui itakufikia lini. Daraja la mto limesombwa, naipeleka kwa mtu anayevuka kwa miguu upande wa juu.

Mvua ilianza Alhamisi na haikupumzika. Ijumaa maji yalifika alama. Nilishika redio, nikaomba amri. Karani akasema injinia ametoka. Jumamosi nikaomba tena, aliyepokea ni mlinzi wa ofisi, akasema bosi yuko harusini, labda niandike barua. Maji yalikuwa yanapanda nami nimesimama pale mlangoni, mikono nimeiweka mifukoni. Nilikuwa nimeiweka mifukoni makusudi, Dada. Nilijua la kufanya na sikulifanya.

Jumapili mchana maji yalianza kumwagika juu ya ukuta. Ukuta ule ni wa udongo, ukimegwa kidogo tu unakwenda wote, na ukienda hakuna atakayebaki bondeni, hata mmoja. Nikaacha kuomba. Nilifungua malango yote kwa pamoja. Nilizungusha mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma.

Ukuta umesimama. Lakini mto ulipanda ghafla, na ukungu ulikuwa mzito, wala hakuna aliyeuona. Nyumba za ukingoni zimekwenda. Wengi walikimbia. Mama wa maziwa alirudi ndani kuwachukua wajukuu wake wawili, na hawakutoka. Tumewazika jana. Mimi nilisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyenifukuza, na hilo ndilo baya zaidi.

Nilichelewa. Nakuandikia wewe kwanza kabla sijaulizwa na wengine.

Mdogo wako

*

Mjini,
27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia leo, na najua ile yangu ya vigelegele unayo mkononi. Ichome. Sijui nitamwomba nani msamaha kwa vigelegele vile. Tarehe 19 mimi nashangilia, na wale watoto wana siku tatu kaburini.

Umeandika umechelewa, hukuandika kwa nini. Huna haja ya kunifichia, ninajua. Ulichelewa kwa sababu niliandika kaa hivyo hivyo. Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi, na nguo ya mteja nimeishona mkono mmoja mbele mwingine nyuma.

Nimekwenda kwa wakili mbio. Alikuwa ameshapata habari, na sasa ameelewa kwa nini walikubali upesi. Sikiliza. Wizara ilijua juu ya mafuriko kabla ya kesi. Mtu amekufa, lazima apatikane wa kujibu. Kama bwawa halikuwa na opereta, wa kujibu ni wao, walioacha bwawa zima mikononi mwa mtunza bustani. Kama lilikuwa na opereta, basi wa kujibu ni opereta, kwa nini hakufungua mapema. Wamekwenda kwenye jalada, wakakutafuta, wakakuvika cheo. Kile ulichokililia miaka yote wamekupa siku ile ile kilipogeuka kitanzi.

Lakini bado hujakikubali, na hapo ndipo tuna mlango. Wakili anasema mbele ya hakimu utaulizwa swali moja: kazi yako ni nini? Sema mtunza bustani. Si uongo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kila hati ya mshahara uliyopokea. Mtunza bustani hana wajibu wa lango, hawezi kufungwa kwa uzembe wa kazi isiyo yake. Kesi ya daraja itakufa, ndiyo. Iache ife. Nilikuwa nataka cheo chako kuliko wewe mwenyewe, na sasa nakupigia magoti ukitupe.

Dada yako

*

Wizara, Idara ya Utumishi
30 Machi

Kwa: Opereta wa Malango, Bwawani

YAH: KUREKEBISHWA KWA DARAJA LAKO LA KAZI

Napenda kukuarifu kwamba daraja lako limerekebishwa kuwa Opereta wa Malango kuanzia tarehe ya ajira yako ya kwanza. Wizara inakupongeza na inathamini utumishi wako wa muda mrefu.

Aidha, unatakiwa kufika mahakamani tarehe 22 Aprili kuthibitisha kukipokea cheo hicho, na siku hiyo hiyo kujibu shitaka la uzembe katika kutekeleza majukumu ya cheo hicho, uzembe uliosababisha vifo.

Kwa niaba ya Katibu Mkuu

*

Bwawani,
6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usijitwike mzigo usio wako. Wewe ulikuwa mjini na cherehani, mimi nilikuwa nayatazama maji. Ungeandika kaa hivyo hivyo kwenye kila ukuta wa nyumba hii, mikono iliyokuwa mifukoni ilikuwa yangu.

Barua ya wizara nimeipata. Bahasha nzuri, jina limepigwa chapa, Opereta wa Malango. Nitakuambia ukweli ambao siwezi kumwambia mwingine. Niliposoma mstari ule wa kwanza, kabla sijafika wa pili, nilifurahi. Waliokufa nawajua, na bado nilifurahi. Tazama nimekuwa mtu wa namna gani.

Naogopa jela, Dada. Sitaki nionekane shujaa. Nimelala kwenye nyumba hii peke yangu maisha yangu yote, sijui nitalalaje katikati ya watu. Shauri la wakili nimelitafuna siku nzima na kila nikilitafuna naona ni la akili. Juzi nilifanya mazoezi mbele ya kioo: mimi ni mtunza bustani. Neno lilitoka vizuri tu.

Halafu jana alipanda mzee, mume wa mama wa maziwa. Nilimwona tangu mbali, nikadhani amekuja na panga, na nilisema moyoni aje nalo. Hakuwa na kitu. Alikaa kwenye ngazi, akapumua, akaniuliza, "Siku ile kulikuwa na mtu huku juu?" Nikamjibu alikuwepo. "Nani?" Nikasema mimi. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi," akasema. "Watu wanasema bwawa lilikuwa halina mtu. Nilitaka kujua tu kama tulikuwa na mtu." Akateremka.

Hakunilaani. Nimemngoja arudi anilaani, hajarudi.

Sasa nikisimama mbele ya hakimu niseme mimi ni wa maua, nitakuwa nimemwambia mzee yule kwamba hapakuwa na mtu. Nikisema mimi ni opereta, nitakuwa nimewapa wizara wanachotaka, na wenye lawama kubwa watakwenda nyumbani kula. Kila upande kuna mwiba. Bado sijajua, na usiniulize.

Mdogo wako

*

Mjini,
14 Aprili

Mdogo wangu,

Nisome hata kama umekasirika. Mzee yule namhurumia, na Mungu ananiona. Lakini ukweli uliompa pale kwenye ngazi umemtosha. Umeshamwambia. Huhitaji kumwambia tena mbele ya pingu.

Fikiria na hili. Ukisema mtunza bustani, wizara itasimamishwa kizimbani ieleze ilikuwa wapi. King'ora, grisi, injinia wa harusini, yote yatatoka. Kwa hiyo hata wafu wako utawatetea vizuri zaidi ukiwa na jembe kuliko ukiwa na cheo. Hii si hila ya dada mwoga, ni sheria, muulize wakili.

Mimi sina mume, wala mama, wala baba. Nina cherehani na wewe. Sitaki kujifunza siku za kutembelea gereza. Neno moja tu, mdogo wangu. Umelisema miaka yote pasipo kupenda, liseme mara moja zaidi.

Daktari amenizuia kusafiri kwa sababu ya magoti. Wakili atakuwepo. Ukifika mtazame yeye, usimtazame mtu mwingine.

Dada yako

*

Mahabusu,
24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wakili ameshakwambia, na najua umelia, nami naomba radhi. Nilimtazama yeye kama ulivyoagiza. Nilimtazama mpaka hakimu alipouliza.

Kijana wa tai alisoma majukumu yangu. Uliniambia ilikuwa kama wasifu, na ni kweli. Alipofika penye kulinda usalama wa wakazi wa bondeni, nikamsikia mtu akikohoa nyuma. Sikugeuka. Kile kikohozi nakijua, ni cha yule mzee wa bondeni, kimekuwa kikipanda mlima kila mwaka kuja kuniuliza maji yakoje. Hakimu akasema, "Mzee, kazi yako ni nini?" Wakili akanivuta koti. Nikafungua mdomo niseme la maua, Dada, wallahi nilitaka kulisema. Nikasema, mimi ndiye opereta wa malango, na siku ile nilikuwepo.

Nikaongeza na mengine, amri niliyoomba, king'ora, harusi. Hakimu akasema hayo nitayaeleza kwenye utetezi. Kijana wa tai alikuwa ameshakaa. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Dhamana imekataliwa. Hapa tunalala wengi, kijana mmoja ananiachia sehemu ya ukutani kwa sababu ya uzee wangu. Nakula. Kifua si kibaya sana. Usije, magoti yako yapumzike.

Lakini nina jambo moja linalonitoa roho. Huku dirisha liko juu, sioni kitu, ila nasikia. Tangu jana mvua inanyesha bila kukata. Dada, malangoni hakuna mtu. Walinitoa na askari wawili, tukafunga mlango, tukaondoka. Nilimuuliza askari nani anabaki, akasema hiyo si idara yake. Nimemuuliza mkuu wa hapa, amesema niiandikie wizara. Bwawa lile lilikuwa bado limejaa nilipoliacha. Kwa mvua hii, likifika juu ya ukuta pasiwe na mkono wa kufungua, haitakuwa watu watatu.

Nenda wizarani. Si kwa ajili yangu, yangu yaache. Lia, piga kelele, kaa mlangoni kwao. Waambie wapeleke mtu. Usiulize ana daraja gani.

Mdogo wako

*

Bwawani,
28 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikwenda wizarani siku ile ile nilipopata barua yako. Nilipelekwa chumba hiki, nikapelekwa kile, kila mwenye meza ana mwenye meza wake. Mwisho nikaingia kwa bwana mmoja mwenye sauti laini. Alitoa jalada lako, akalisoma taratibu, akaniambia hawezi kupeleka opereta bwawani kwa sababu nafasi haiko wazi. Ina mtu. Nikauliza nani. Akanionyesha jina lako.

Nikamwambia mtu huyo mmemfunga. Akasema hajahukumiwa, na mpaka ahukumiwe nafasi ni yake, sheria inamlinda. Nikamwambia basi mtumeni mtunza bustani, mlikuwa naye miaka yote. Akafungua ukurasa mwingine. Nafasi hiyo ndiyo imebaki wazi, akasema, itatangazwa mwaka ujao wa fedha, na mwenye sifa aombe.

Sikupiga kelele. Sikuwa nazo tena. Niliteremka ngazi zao, nikawarudishia wateja vitambaa vyao, nikapanda lori la mbao lililokuwa linakuja upande huu. Magoti yamelalamika njia nzima na sikuyajibu.

Nakuandikia nikiwa ndani ya nyumba yako ya malango. Mzee wa bondeni ndiye aliyevunja kufuli, yuko hapa na mimi na wanaume wengine wawili, mikono yao ni mizuri lakini hakuna kati yao aliyewahi kuingia humu. Maji yameshapita alama yako. Redio inakoroma tu. Watu wa ukingoni tumewaambia wahame, wanahama.

Tumejaribu gurudumu moja. Halikukubali, na mzee anaogopa tukilazimisha tutalivunja. Dereva wa lori anageuza sasa hivi, barua hii anamkabidhi wakili alfajiri, na wakili ataingia nayo kwako. Habari za mwili wako utaniambia siku nyingine. Leo jibu upesi, dereva atarudi na jibu, na uandike kwa herufi kubwa maana humu hakuna taa: linazungushwa upande gani, na tuanze na lipi?

Dada yako